Mgema Hana Cheti

Kila mtoto aliyekulia Mombasa ameisikia hii: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tuliitumia darasani kwa mwanafunzi aliyeongoza muhula mmoja akaanguka uliofuata. Tuliitumia uwanjani kwa mshambuliaji aliyefunga mabao mawili kisha akaanza kutembea. Kwa kuitumia sana tumesahau kwamba ni methali ya biashara. Kuna mtu anauza kinywaji, kuna mnunuzi anayekipenda, na kuna maji, ambayo hayana rangi, hayana harufu, na huongeza lita. Swali lililomo ndani yake ni gumu kuliko tunavyolichukulia: mtu anayekutengenezea kitu ambacho wewe huwezi kukikagua, ni nini hasa kinachomfanya awe mkweli?

Najua wasomaji wengi wa Mji wa Kale hawanywi, na dini imeshawafungia mlango huo. Sawa kabisa. Hoja yangu si kunywa. Ukitaka, ondoa tembo uweke maziwa, asali au mafuta ya nazi, swali litabaki palepale. Mimi nimechagua tembo kwa sababu methali imelichagua, na kwa sababu hakuna kinywaji ambacho binadamu amekitungia sheria nyingi na sifa nyingi kama kileo.

Hebu tuanze mbali, kwa watu waliosifiwa kuliko wagema wote.

Karibu na Munich, kule Bavaria, Ujerumani, kuna mji unaoitwa Freising, na juu ya kilima pale kuna kiwanda cha bia cha Weihenstephan. Kinajiita kiwanda kikongwe zaidi duniani ambacho bado kinatengeneza bia. Mwaka wanaoutaja ni 1040, ambapo watawa wa Kibenedikti waliokaa kilimani inasemekana walipewa kibali cha kutengeneza bia na kuiuza. Monasteri yenyewe ilivunjwa 1803, serikali ilipochukua mali za kanisa, na kiwanda kikawa mali ya dola. Mpaka leo ni cha serikali ya Bavaria. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kina kampasi hapohapo, na watu husafiri kutoka nchi nyingine kuja kusomea kutengeneza bia. Yaani digrii kabisa.

Bia zao zinajulikana. Hefeweissbier ni ya ngano, ina ukungu kwa sababu hamira imeachwa ndani, kileo chake ni asilimia 5.4, na wanaoijua husema inanukia ndizi mbivu na karafuu, harufu ambazo sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezewa. Vitus ni ya ngano pia, lakini kali zaidi, asilimia 7.7. Korbinian ni nyeusi, asilimia 7.4, na jina lake ni la mtakatifu aliyefika Freising karne ya 8. Hadithi inasema dubu alimuua mnyama wake wa mizigo njiani, naye akamwamuru dubu huyo abebe mizigo mpaka Roma. Dubu akabeba.

Sasa sikiliza. Hati ile ya 1040, inayobeba sifa yote ya ukongwe, wanahistoria wanasema ni ya kughushi, iliandikwa karne nyingi baadaye. Monasteri ilikuwepo kweli, na watu walikunywa bia eneo hilo tangu zamani kweli. Ila karatasi yenye tarehe si ya tarehe hiyo. Na bia je? Bia ni nzuri. Haikuharibika siku wanahistoria walipoikagua hati. Kwa hivyo ukongwe haukuwa ndio unaoifanya nzuri. Ulikuwa ndio unaotufanya tuiamini kabla ya kuionja, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kama jina kongwe halitoshi, labda sheria inatosha. Wajerumani wanayo maarufu. Tarehe 23 Aprili 1516, mjini Ingolstadt, watawala wawili wa Bavaria waliokuwa ndugu, Wilhelm IV na Ludwig X, walitangaza kwamba bia itengenezwe kwa vitu vitatu tu: shayiri, maji, na hopsi, yale maua machungu yanayoipa bia uchungu wake. Hamira haikutajwa. Mwaka wa 1906 kanuni hiyo ikawa ya Ujerumani nzima. Watu huisimulia kama hadithi ya usafi: hapo kale watengenezaji walitia kila takataka, mtawala mwema akaja akasema basi.

Usafi ulikuwemo, sikatai. Lakini sheria ileile ilipanga pia bei ya bia. Na kuibana bia kwenye shayiri kulisaidia kuiacha ngano kwa waokaji mikate. Halafu angalia kilichofuata. Bia ya ngano haikufa. Familia moja ya kibwanyenye, Degenberg, ilipewa ruhusa ya peke yake kuitengeneza. Mtu wa mwisho wa familia hiyo alipofariki 1602, haki hiyo ikarudi kwa mtawala wa Bavaria, naye akaigeuza kuwa mgodi wa pesa. Kilichokuwa kosa kwa mtu wa kawaida kilikuwa biashara halali kwa mkubwa. Hefeweissbier ile yenye harufu ya karafuu, fahari ya kiwanda cha serikali leo, ukiisoma sheria ya 1516 kama ilivyoandikwa, haifai kuwepo.

Sisemi hivi kuwacheka Wajerumani. Nasema ili tuone jinsi sheria ya usafi inavyoweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kumlinda mnywaji, na kuamua nani aruhusiwe kuuza. Kazi ya kwanza ndiyo inayotangazwa. Ya pili ndiyo inayolipa.

Kwetu kazi hiyo ya pili ilifanywa bila hata aibu. Kenya Breweries ilianzishwa 1922 na walowezi, wakiwemo ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia yao ikapewa jina la Tusker, ndovu mwenye pembe. Ndovu huyo yuko kwenye lebo hadi leo. Lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kuinunua bia ya chupa. Ilibidi angoje mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakati huohuo, huku Pwani, kugema na kuuza tembo kuliwekewa vibali, na asiyekuwa na kibali alikuwa mhalifu juu ya mnazi aliopanda babu yake.

Kiswahili chetu kina mzaha wake hapo. Tembo ni mnyama, na tembo ni kinywaji. Tembo mmoja aliua mtu akapewa lebo. Tembo mwingine alisomesha watoto wa Rabai na Kaloleni akaletewa askari.

Turudi sasa nyumbani kabisa, Kibarani. Kama hupajui, ukitoka kisiwani kuelekea Changamwe unavuka Makupa, kwenye daraja lililofunguliwa 2022, na Kibarani iko hapo kando ya maji. Kwa miaka mingi wengi waliijua kwa pua kabla ya macho. Hapo ndipo jaa la mji lilipokuwa, takataka za Mombasa nzima zikitazamana na bahari. Jaa limefungwa na miti imepandwa, lakini jina halijatoka. Ukimwambia mtu unatoka Kibarani bado anakunja uso kidogo.

Jaa lilikuwa shule nzuri ya falsafa, manake kila kitu kilifika pale kikiwa kimepoteza maneno yake isipokuwa chupa. Chupa ilifika na jina lake. Waokotaji walizijua kwa kuzitazama mara moja: hii ya bia, hii ya wiski, hii ya nje. Na chupa ambayo lebo yake haijachubuka ilikuwa na thamani kuliko nyingine. Kwa nini? Fikiria mwenyewe nani anahitaji chupa tupu yenye lebo nzuri. Mamlaka ya ushuru, KRA, ina programu ya simu iitwayo Soma Label, unapiga picha stempu ya ushuru ujue kama ni halali. Imetengenezwa kwa sababu chupa inaweza kusema uongo, na stempu nayo inaweza kughushiwa. Kumbe kutoka hati ya 1040 mpaka stempu ya leo hatujatembea mbali.

Upande mwingine wa mtaa kuna mangwe. Kwa wasiojua, mangwe ni pahala pa kunywea mnazi. Viti vya mbao, mabati, kivuli. Tembo hutoka bara huko, kwa wagema wanaopanda asubuhi na kupanda tena jioni, kila siku, kukata karara kipande chembamba ili litone upya. Utomvu ukishadondoka kwenye kibuyu huanza kuchacha wenyewe, hakuna anayetia hamira. Saa chache tu ni tamu, baadaye ni kali, na ukiliacha zaidi linakuwa siki ya kupikia. Weihenstephan wana karne. Mgema ana siku moja. Hawezi kuficha tembo bovu ghalani akisubiri bei, wala kulituma Dubai. Kinachotoka leo kinanywewa leo, na watu wanaojua kwao.

Mzee anayeleta tembo kwenye mangwe ninayoijua huitwa na kila mtu Tsawe, babu kwa lugha za Kimijikenda. Akifika na madumu yake, mama mwenye mangwe hammiminii mteja kwanza. Humimina kidogo, humpa Tsawe mwenyewe. Tsawe hunywa, wote wakimtazama. Ndipo wengine hupewa. Siku moja nilimuuliza kwa heshima, "Tsawe, si unajua umeleta nini, mbona unaonja tena?"

Akanijibu, "Mwanangu, sionji mimi. Naonjeshwa."

Nimelifikiria neno hilo muda mrefu. Kuonja ni kutaka kujua. Kuonjeshwa ni kukubali kujulikana. Pale hakuna lebo, hakuna stempu, hakuna mwaka wa kuanzishwa. Kuna mwili wa mtu aliyekileta, unaokubali kupata wa kwanza kile ambacho wengine watapata. Na kuna kesho, manake kesho atakuja tena, na kama watu waliumwa na tumbo usiku watamngoja palepale.

Najua unachotaka kuniambia. Unataka kuniambia kuhusu vifo. Na lazima uniambie, kwa sababu anayeandika habari za pombe ya kienyeji bila kuvitaja anadanganya. Novemba 2000, mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Mei 2014 watu wengi wakafa tena, katika kaunti kadhaa kwa siku chache. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Methanoli haina tofauti unayoweza kuihisi mdomoni. Jicho la jirani halifai kitu hapo. Mama wa mangwe angeweza kumimina na kuonjesha, na wote wangelala wakiwa hawajui kwamba wengine hawataamka wakiona.

Pingamizi hilo ni zito na silikwepi. Linamaanisha kwamba kuaminiana peke yake hakutoshi, kwamba kuna sumu ambazo ni maabara tu inayoziona, na kwamba tunahitaji serikali yenye maabara. Mtu akiniambia mangwe zote zikaguliwe, nitamuunga mkono.

Ila tutazame vizuri vifo hivyo vilitoka wapi. Methanoli ya kiasi cha kuua haidondoki kutoka kwenye mnazi. Ni kemikali ya viwandani, mtu hununua madumu yake akaichanganya na pombe ili apate nguvu nyingi kwa pesa kidogo. Anayeichanganya mara nyingi hajui itanywewa na nani, wala hatakuwepo ikinywewa. Kule Kirinyaga serikali yenyewe ilisema kinywaji kile kilitokana na vielelezo vilivyokuwa vimekamatwa na kuwekwa kituo cha polisi. Yaani kilipita mikononi mwa sheria, kikatoka, kikaua.

Kwa hivyo mimi naona adui si ukosefu wa lebo. Adui ni umbali. Mtu huthubutu kutia maji, na baadaye kutia sumu, kadiri anavyokuwa mbali na koo litakalomeza. Lebo, stempu, leseni na sheria ya 1516 vyote ni majaribio ya kuutibu umbali huo. Mtengenezaji yuko Freising au Ruaraka, mnywaji yuko Kibarani, hawatakutana maishani, basi karatasi isafiri kati yao na kusema: yupo mtu, ameahidi, anaweza kushtakiwa. Hiyo ni kazi ya heshima, na chupa iliyokaguliwa sawasawa ni jambo jema.

Kosa huanza pale karatasi inapoacha kuwa dawa ya umbali na kuwa kipimo cha utu. Hapo ndipo tunapoanza kusema: asiye na karatasi ni mchafu. Kumbuka 2004, Senator ilipoletwa, bia ya pipa iliyoondolewa ushuru ili iwe rahisi na iwatoe maskini kwenye pombe za vichochoroni. Wazo halikuwa baya. Kumbuka pia ile tunayoiita sheria ya Mututho, ya 2010, iliyoruhusu hata chang'aa, mradi iwe na leseni na iwe kwenye chupa yenye lebo. Katika yote hayo swali lilikuwa nani ana chupa. Sikumbuki mtu akiuliza nani hupanda mnazi kila asubuhi, na kama ana neno la kusema kuhusu usafi ambao ameuishi miaka 40. Kumlinda mnywaji kuligeuka kuwa kumfuta mgema, na tukadhani ni jambo moja.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ambayo haihusu pombe. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Ada ilikatika, ofisi ikanifungia mtihani, nikarudi nyumbani. Tangu hapo naandika, na ndiyo kazi yangu. Nikituma makala, wapo wahariri wanaosoma. Wapo pia wanaouliza kwanza nimesomea wapi, na nikisema sikumaliza, naona kabisa ule uso unaokunjwa mtu akitajiwa Kibarani. Bado hawajasoma sentensi hata moja.

Ningeweza hapa kusema vyeti ni bure, nikapigiwa makofi na kila aliyeacha shule. Sisemi hivyo. Ukiniletea daktari, nataka karatasi yake, na nataka aliyeitoa awe alimkagua kweli, manake mimi siwezi kuona anachokijua daktari kama nisivyoweza kuiona methanoli. Lakini makala iko mezani, kama tembo lilivyo kibuyuni. Linaonjeka. Anayekataa kuonja kitu kinachoonjeka, kwa sababu hakina lebo, haoni tena kazi iliyo mbele yake. Anakwepa tu kazi ya kuamua mwenyewe.

Na upande wangu nina deni pia. Asiye na cheti hana haki ya kudai aaminiwe bure. Haki yake ni moja tu, ile ya Tsawe: kuonjeshwa mbele ya watu. Nikiandika uongo, niambiwe. Nikitia maji, niambiwe siku hiyohiyo, jina langu liko juu ya makala. Hapo ndipo methali inaponirudia kwa maana nyingine. Wengi huichukua kama onyo kwa mgema, asivimbe kichwa. Mimi nadhani inawaonya wanywaji zaidi. Haisemi mgema akitukanwa, wala akinyimwa kibali. Inasema akisifiwa. Sifa ndiyo inayowafanya watu waache kuonja. Wakishaacha kuonja, maji yanaingia, na kosa linakuwa la wawili. Weihenstephan waliposifiwa kwa ukongwe, hati ilighushiwa na hakuna aliyeuliza kwa muda mrefu. Sisi vijana wa mjini tunafanya hivyohivyo kila siku na viatu, na simu, na wahubiri, na wanasiasa: tunaliamini jina, tunauacha ulimi ulale.

Basi sikushauri uache chupa ukimbilie mangwe, wala uache mangwe ukimbilie chupa. Nakupa swali tu, ubebe popote unapopokea kitu kutoka kwa mtu mwingine, kiwe kinywaji, habari au ahadi. Usianze kwa kuuliza ni cha tangu mwaka gani. Uliza aliyekitengeneza ni nani, kama angekitumia yeye mwenyewe, na kesho asubuhi, kikikudhuru, utampata wapi. Kama yuko mbali, dai karatasi, na uikague hiyo karatasi nayo. Kama yuko mbele yako, mpe kikombe cha kwanza.